Majibu Matatu ya Mzee Sawasawa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali hii, ambaye nitakurudia baadaye kidogo, kwa hiyo tafadhali usitoke. Waheshimiwa madaktari, wauguzi, na ninyi wa maabara, wa jikoni na wa kufua mashuka. Ndugu wageni waalikwa. Wagonjwa mliosogezwa hapa na viti vyenu vya magurudumu mkakataa kubaki wodini. Wanangu wawili mlioko mstari wa tatu mkijifanya hamnijui. Na wewe, mdogo wangu, Sista wetu unayestaafu leo, mwenye siku yako. Nawasalimu wote.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Aliyenigawia dakika hizo ni kijana mpole sana, nami nikamwitikia kwa heshima. Lakini jamani, mtu wa umri wangu akishapanda jukwaani kwa magoti haya, kushuka kwake nako kunahitaji mipango. Mnivumilie.

Wenzangu waliotangulia kusema wamemsifu Sista kwa usafi wa wodi, kwa kuwahi kazini, kwa kulea wauguzi wachanga ambao leo ni wakubwa. Yote kweli. Mimi sikuitwa kuyarudia hayo. Mimi nimeitwa kwa sababu mume wangu alilazwa katika wodi yake ya wazee, na mambo yaliyotokea pale ndiyo ninayotaka kuwasimulia, kwa sababu nadhani wapo humu ndani watu ambao wana baba au mama kitandani hivi sasa, na wamekaa wanajiuliza: nani aamue?

Niwaambie kwanza mume wangu alikuwa nani.

Alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikizunguka kweli na kingine kikizunguka kwa kusukumwa, na kioo kirefu kilichoanza kuota madoa meusi pembeni kama uso wa mtu mzima. Ukipita mlangoni ulikutana na harufu ya poda, spiriti na taulo lililochemshwa. Redio ilikaa juu ya kabati, na redio ile haikuzimwa mpaka kufuli lilipofungwa. Watu walikuja kunyolewa, lakini wengi wao, nawaambieni, walikuja kukubaliwa. Kwa sababu mume wangu hakumbishia mteja hata siku moja. Akikaa kitini shabiki wa timu hii, timu hii ndiyo bora. Akinyanyuka huyo akakaa wa timu ya pili, basi ile ya kwanza ilikuwa imebahatisha tu. Siasa hivyo hivyo. Bei ya sukari hivyo hivyo. Ndoa za watu hivyo hivyo. Yeye alikuwa anasema tu, "Sawasawa, kaka. Sawasawa kabisa," na wembe unatelezea shavuni. Nilipomuuliza kwa nini hana msimamo, alinijibu: "Mke wangu, ukishika wembe kooni mwa mtu, huo si wakati wa mabishano."

Ndiyo maana mji mzima ukamwita Mzee Sawasawa. Jina lake la cheti lilisahaulika hata na baadhi ya ndugu zake.

Na mimi alinipataje? Mimi nilikuwa opereta wa simu. Ninyi vijana mnaotembea na simu mfukoni hamjui kazi hiyo. Tulikaa mstari mmoja, wasichana, masikioni vidude, mbele yetu ubao wa matundu, mkononi waya. Mtu akitaka kuzungumza na mji mwingine, sisi ndio tuliomuunganisha. Akaja kijana mmoja dirishani, nywele zimepigwa brashi, akaomba kupigiwa simu kwa mjomba wake. Nikajaribu, haipatikani. Kesho yake akaja tena, mjomba yule yule. Haipatikani. Siku nyingi zikapita hivyo, mpaka msimamizi wetu akamuuliza, "Kijana, huyo mjomba wako namba yake ni sahihi?" Akajibu bila hata kupepesa macho: "Mjomba wangu hana simu. Mimi nakuja kusikia dada huyu anavyosema haipatikani."

Basi. Nikapatikana mimi.

Tulizaa watoto wawili. Kifungua mimba wetu ni yule pale mwenye miwani, mkaguzi wa majengo. Mtu ambaye akiingia nyumbani kwako hatazami chakula, anatazama nyufa. Kitinda mimba ni huyo binti aliye pembeni yake, mwalimu, anayedhani ukumbi huu wote ni darasa lake. Angalieni anavyowatazama walio nyuma wanaozungumza.

Sasa ikawa mwaka mmoja mume wangu akaanza kunyoa akiwa amekaa. Wateja walimtania kwamba ametajirika. Mkanda wa suruali ukaongezwa tundu, kisha likaongezwa jingine. Mimi naona, naye anaona kwamba naona, wala hatusemi. Mpaka Jumapili moja binti yetu alipokuwa akifua, akatoka uani na nguo mkononi, ina damu, akauliza, "Baba, hii ni nini?" Mzee akajibu, "Sawasawa tu, mwanangu, itapita." Binti akasema, "Baba, mimi siyo mteja wako. Twende hospitali."

Ndipo tukafika hapa.

Akalazwa, vipimo vikafanyika. Daktari wake alikuwa kijana hodari, mwenye mikono mitulivu, ambaye leo ameota mvi na ndiye Mganga Mkuu wenu. Nilikwambia usitoke, Daktari! Majibu yalipokuja, daktari alitoka, akamkuta mwanangu kwenye korido, shati limepigwa pasi, tai imekaa vizuri, akamwambia yeye: mzee wenu ana saratani ya utumbo mpana, sehemu ya chini. Sitaki kumlaumu. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mzee akiugua, hugeuka kuwa mzigo wa thamani, unaokabidhiwa kwa mwenye mabega mapana.

Mwanangu akanijia kwenye benchi la nje. Akanieleza huku ananishika mkono. Kisha akasema, "Mama, Baba tusimwambie. Atakata tamaa. Tutajua sisi wenyewe la kufanya."

Nikamuuliza, "Akiuliza je?"

"Tutamwambia ni vidonda."

Lakini mzee hakutuuliza sisi. Alimuuliza Sista. Alikuja kumpima joto, mzee akamshika kiganja, akasema, "Mwanangu, wewe una uso usiojua kudanganya. Mimi nina nini?"

Ndugu zangu, muuguzi mwingine angefanya nini? Angesema subiri daktari. Angesema usiwe na wasiwasi. Sista alivuta kiti, akakaa, akamwambia: "Baba, majibu yapo. Unataka kuyajua yote, au kiasi, au usiyajue? Na ukiyajua, unataka nani awe amekaa pembeni yako?"

Mume wangu hakumwachia kiganja. Akasema, "Yote. Na niitieni yule wa simu."

Nikaitwa. Daktari akamweleza mbele yangu, taratibu, kwa maneno ya kawaida. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akakunja shuka kifuani vizuri, akasema, "Sawasawa." Nikafikiri, alhamdulillahi, amelipokea. Sikujua kwamba ule ulikuwa ndio mwanzo wa kasheshe.

Maana baada ya hapo palibaki swali la matibabu, na njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, upasuaji mkubwa: kuuondoa uvimbe, kufungua njia ya choo ubavuni, na mzee kuvaa mfuko maisha yake yote. Ya pili, mionzi pamoja na vidonge, bila kisu: uvimbe ungenywea, pengine kwa muda mrefu, pengine mfupi. Ya tatu, kumtuliza maumivu na kumpeleka nyumbani.

Mwanangu alitaka ya kwanza. Kwake yeye ukuta ukiwa na ufa unaubomoa, unajenga upya. Binti alitaka ya pili, kwa sababu alimwogopea baba yake dawa ya usingizi. Moyo wa mzee ulikuwa umeanza kuchoka. Na mimi? Mimi sikuwa nimetaka lolote bado. Nilikuwa nataka mwaka urudi nyuma.

Kila mmoja akaingia kwa mzee kwa wakati wake. Mwanangu aliingia asubuhi kabla ya kazi, akazungumza naye, akatoka amefurahi, akaenda kwenye meza ya wauguzi: "Sista, Baba amekubali upasuaji. Tupangieni tarehe." Mchana akaja binti toka shuleni, chaki ingali vidoleni, akakaa na baba yake, akatoka, akaenda kwenye meza ile ile: "Sista, tumekubaliana na Baba, ni mionzi tu." Jioni nikaja mimi na chupa yangu ya uji. Mume wangu akanitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, mimi nimechoka na mahali hapa. Turudi nyumbani tukakae wawili." Nikalia kidogo, nikajifuta, nikaenda kwenye meza: "Sista, mume wangu ameamua. Tunaomba ruhusa ya kwenda nyumbani."

Sista alishusha miwani yake mpaka puani. Akanitazama. Akatazama kule kitandani. Akaniuliza, "Mama, kwani mna wazee wangapi kwenye kitanda kile?"

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, baadaye. Wakati ule nilipandwa na hasira. Mimi, niliyekaa nusu ya maisha yangu nikisikiliza sauti za watu wapendao na wachukiao, nikijua mume anayesema "nakukumbuka sana" huku mwanamke mwingine amekaa pembeni, sauti ya mume wangu mwenyewe ikanipita! Kumbe alikuwa amerudi kazini kwake. Kila aliyekaa kwenye kile kiti pembeni ya kitanda alikuwa mteja, naye akamkubalia.

Na hapa ndipo ninapotaka mumwone Sista alivyokuwa. Angeweza kuchukua neno la mwanamume mkubwa, akaandika, kazi ikaenda. Angeweza kutufukuza sote akasema mgonjwa ataamua peke yake, hayo ni ya kwake. Kuna mahali hufanywa hivyo, na wanaita heshima. Yeye alituita sote. Hapakuwa na chumba. Chumba pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha wauguzi kunywea chai: birika la umeme, maboksi ya glavu mpaka darini, feni inayolalamika. Akapanga viti mwenyewe. Kiti cha mzee akakiweka mbele ya kiti cha daktari, magoti yanakaribia kugusana. Sisi tukawekwa pembeni.

Daktari akaanza, na kwa mazoea akamgeukia mwanangu: "Kama tulivyozungumza..."

Sista akasema, "Daktari, mgonjwa ni yule."

Daktari akageuka. Unakumbuka, Daktari? Namuona anatikisa kichwa, anakumbuka.

Kisha Sista akasema, "Hapa leo hakuna wa kumsemea mwenzake. Baba, mwanao ananiambia umekubali upasuaji. Kweli?"

"Kweli," akasema mzee.

"Binti yako ananiambia umekubali mionzi, kisu hutaki. Kweli?"

Mzee akajikuna sikio. "Kweli."

"Na mkeo ananiambia unataka kwenda nyumbani."

"Hata yeye hajasema uongo."

Binti yangu akaangua kicheko, kicheko kile cha mtu ambaye alitaka kulia kikamponyoka. Mwanangu hakucheka. Alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake. Feni inalalamika. Sista akangoja mpaka pakatulia, akauliza kwa upole sana:

"Baba, kila mmoja umempa alichotaka. Wewe umebakiwa na nini?"

Ndugu wageni waalikwa, nilikaa na mwanamume yule tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na sijawahi kumwona akikosa la kusema. Siku ile alikosa. Alikaa anapapasa magoti yake. Nikatamani kumsaidia, nikafungua mdomo, Sista akaniwekea mkono begani. Nikaufunga.

Hatimaye mume wangu akamuuliza daktari: "Ukinipasua, nitasimama?"

"Kusimama vipi, mzee?"

"Kusimama nyuma ya kiti. Kunyoa."

Sote tulikuwa tumeuliza maswali. Mwanangu aliuliza ataishi muda gani. Binti aliuliza ataumia kiasi gani. Mimi niliuliza atakula nini. Kusimama, hakuna aliyeuliza.

Daktari naye, Mungu ambariki, hakumpaka mafuta. Alimwambia: "Mzee, ungekuwa na umri wa mwanao ningekushawishi nikupasue kesho. Kwa umri wako na moyo huu, upasuaji unaweza kukupa miaka zaidi, lakini unaweza pia kukulaza wiki nyingi, na wapo wazee ambao baada ya hapo hawakurudi tena kwenye miguu yao. Mionzi itakuchosha, itakuunguza kidogo, lakini ikienda vizuri utasimama. Kwa muda gani, sijui. Huenda ukawa mfupi."

Mzee akasema, "Basi mimi nataka mionzi. Na hilo siyo la binti yangu, ni langu."

Mwanangu akainuka. "Baba, kwa hiyo unachagua kuondoka mapema? Tukae tu, tukutazame?"

"Ndiyo," akasema baba yake. "Mnitazame. Ndiyo kazi ninayowapa."

"Ningekuwa mimi, ningepigana."

"Ungekuwa wewe, mwanangu, ningekuunga mkono."

Mwanangu akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake. Sista akatoka kumfuata. Tukabaki sisi na birika. Nikamgeukia mume wangu, maana nami nilikuwa na langu rohoni. "Na mimi kwa nini uliniambia nyumbani?"

Akasema, "Nilikuona kwenye ngazi. Unashuka kwa ubavu, unashika ukuta. Nikajisemea, huyu nikimwambia mionzi, atapanda na kushuka ngazi zile kila siku mpaka magoti yaishe."

Ah! Nilimjibu mbele ya daktari, sikujali: "Magoti ni ya kwangu! Nani amekutuma uyaamulie?"

Akatabasamu, tabasamu lile lile la dirishani, la siku za mjomba. Akasema, "Kinyozi hajinyoi, mke wangu. Kichwa ni changu, na mtindo nimeshasema. Lakini bila ninyi siwezi."

Mlango ukafunguliwa. Mwanangu akaingia, macho mekundu, Sista nyuma yake. Hakukaa. Aliuliza tu, "Mionzi inaanza lini? Nitampeleka mimi."

Kwa muda mrefu nilitaka kujua Sista alimwambia nini kule nje. Nilimuuliza mwanangu miaka baadaye, baba yake akiwa ameshapumzika. Akaniambia, "Hakuniambia kitu, Mama. Alisimama na mimi dirishani mpaka nikamaliza kulia. Halafu akaniuliza kama nina gari."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siwezi kukuambia kwamba siku zile za mionzi zilikuwa nzuri. Mzee aliungua, alikonda, choo kilimsumbua, kuna asubuhi alizokaa kitandani akakataa kuvaa kiatu. Lakini ukiniuliza leo ni siku zipi ningependa nirudishiwe, kabla hata ya zile za ujana wetu, ningekuambia zile. Kwa sababu kila siku ya matibabu mwanangu alikuja kwa gari, akamfungulia baba yake mlango, wakaondoka wawili. Walikuwa hawajakaa pamoja hivyo tangu mtoto alipoota ndevu. Walikuwa wakichelewa kurudi. Ninauliza mlikuwa wapi? Kumbe walipita mitaa ya zamani, mzee akionyesha: pale palikuwa na sinema, nilimpeleka mama yako, umeme ukakatika na hatukujua mwisho wa picha mpaka leo. Pale alikaa fundi viatu aliyekuwa akinidai stori. Pale nilikunyoa nywele zako za kwanza, ukanipiga teke. Mwanangu, anayeona nyufa tu kwenye majengo, akawa anarudi nyumbani ananisimulia mji mzima ambao haupo tena.

Na mzee alisimama. Siyo kutwa nzima. Alifungua duka asubuhi, akanyoa vichwa viwili au vitatu, akapumzika, akafunga. Wateja wakapanga foleni wazee kwa vijana, hata wenye vipara. Nao walikuja kunyolewa nini, mimi sijui. Redio ikaimba. Nami nikakaa pale kwenye kiti kile cha kusukumwa nikifuma, jambo ambalo katika ndoa yetu yote sikuwahi kulipatia nafasi. Tulipewa misimu kadhaa ya namna hiyo. Kuna watu humu wenye afya ambao hawajawahi kupata hata mmoja.

Ugonjwa uliporudi, ulirudi mkali. Daktari akasema ipo dawa nyingine ya dripu, inaweza kusaidia kidogo. Safari hii Sista hakuhitaji kutuita. Tulikaa wenyewe, nyumbani, wote kwenye kitanda kimoja kama kuku, mzee katikati. Mwanangu ndiye aliyeanza: "Baba, unataka nini? Na usinijibu mimi. Jibu mbele ya wote." Mzee akasema imetosha. Binti akauliza mara mbili, kama walimu wanavyouliza. Imetosha. Hakuna aliyekwenda kuuliza tena kwa mlango wa nyuma. Akafariki asubuhi moja binti akimsomea matokeo ya mpira, na hata sasa hatujaafikiana kama alisikia timu yake ilifungwa.

Baada ya msiba watu walikuja, kama kawaida, na maneno yao. "Mngempasua." "Mngempeleka kwingine." Familia nyingi huvunjika kwa maneno hayo, ndugu huacha kusalimiana miaka kumi kwa sababu ya uamuzi uliofanywa koridoni na mmoja wao. Sisi hatukuvunjika. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja wetu alikuwepo, na kila mmoja alisikia kwa sikio lake mzee mwenyewe alivyosema.

Sista, najua hawakukuelewa wote. Najua waliosema unachelewesha wodi kwa vikao vyako. Najua uligombezwa kwa ajili ya kile chumba cha chai, mpaka wauguzi wenyewe wakaanza kunywea chai kwenye stoo ili familia zipate pa kukaa. Nimesikia kwamba hata wazee wasiokuwa na mtoto uliwauliza: "Nani wa kwako?" Na mmoja akamtaja jirani, mwingine akamtaja muuza magazeti, nao ukawaita. Hukutuambia familia tukae mbali na mgonjwa wetu, wala hukuturuhusu tumkalie juu. Ulitupa viti vya pembeni. Kumbe pembeni ndipo mtu anapoonekana vizuri.

Ninyi wauguzi na madaktari vijana, mtarithi wodi hii. Mtapata mashine ambazo sisi hatukuziona. Lakini mzee akiletwa na mwanawe mwenye tai, nawaombeni, msiisalimie tai.

Namalizia, naona kijana wangu wa dakika anainua mkono. Shusha, mjukuu wangu, nimebakiza moja.

Mwezi uliopita mimi mwenyewe nilionekana na uvimbe kwenye titi. Msishtuke. Wanangu wanajua, tulikaa siku ile ile, mezani, sahani hazijaondolewa. Na mjue mambo yalivyo ya ajabu: yule mkaguzi wangu wa majengo, aliyepigania kisu kwa baba yake, safari hii ndiye aliyesema, "Mama, si afadhali mionzi na vidonge kama Baba? Kisu cha nini kwa umri wako?" Binti akamuunga mkono. Nikawasikiliza wote, nikawauliza maswali, wakaniuliza. Kisha nikawaambia: baba yenu alitaka kusimama. Mimi nimekaa na uvimbe huu usiku na mchana nausikia chini ya mkono, nataka utoke. Moyo wangu umepimwa, uko imara kuliko magoti. Mimi nimechagua kupasuliwa, na Jumatatu ninaingia.

Mwanangu alianza kukusanya sahani. Halafu akasema, "Mama, ningekuwa mimi nisingekubali. Lakini gari nitalileta saa ngapi?"

Basi, Sista, kuanzia kesho huna wodi, huna sare, hakuna wa kukuamsha. Nina ombi moja, siyo la kikazi. Jumatatu kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji watakaa watoto wangu wawili, na wote wawili, hata wakijifanya wakubwa, wana hofu. Nenda ukakae nao. Usifanye kitu. Kaa tu.

Namuona anaitikia kwa kichwa. Mmeshuhudia.

Nawashukuru waandaaji walionipa nafasi, nawashukuru madaktari, nawashukuru wanangu. Asanteni ninyi nyote kwa kunisikiliza leo. Na wewe, mdogo wangu, asante kwa kumsikiliza yeye.